Ua Usiotumika

Jumatatu, 3 Machi

Gari la matangazo limepita tena leo. Kelele mpaka pasi ikanitetemeka mkononi. Mji wa kale utaboreshwa, na safari hii wakazi watashirikishwa! Safari zilizopita walikuja, wakapaka rangi mbele ya nyumba, wakapiga picha, wakaenda zao. Nyuma tukabaki na maji yetu machafu.

Sikwenda kwenye mkutano wa kuchagua wawakilishi. Nilikuwa na shuka za nyumba ya wageni, zote nyeupe, na mawingu yalikuwa yanakusanyika. Kumbe asiyekuwepo ndiye anayechaguliwa. Jirani yangu Spika — tumempa jina hilo kwa sababu hata akinong'ona anasikika barabarani — alisimama akasema dobi ndiye anayefaa, ana mdomo na anajua siri ya kila nguo mtaani. Watu wakacheka, mikono ikapanda. Basi mimi ndiye mwakilishi wa ua wetu. Mshahara hakuna, lawama nitapewa.

Mama amefurahi kuliko mimi. Uwaambie mfereji, kaniambia, usisahau mfereji. Mvua ikinyesha, maji yanaanzia chumbani kwake, maana ndicho kilicho chini kuliko vyote, kimeegemea ukuta wa nyuma wa ua. Anayasikia kabla hayajamgusa miguu. Macho yalimwishia zamani, lakini masikio yake ni ya kuogopwa.

Jumamosi, 8 Machi

Mkutano wa kwanza. Ukumbi wa shule, viti vya watoto, magoti yangu bado yananilaumu.

Mradi umetuletea binti mmoja mpole, mwembamba, na mirija mirefu ya karatasi begani. Spika kamwita Binti wa Ramani kabla hajajitambulisha, na nadhani jina limeshamganda. Anaongea vizuri. Hasemi "ninyi", anasema "sisi". Nikanyoosha mkono, nikausema mfereji mpaka mwisho: maji ya jikoni, maji ya kufulia, maji ya mvua, yote yanalala uani petu, na wajukuu wa Spika wanaumwa matumbo kila msimu. Wakanipigia makofi. Sikuzoea. Nilikaa chini uso unanichoma.

Kisha akasema Alhamisi watapita kila ua, waone watu wanavyoishi. Msijisumbue kwa lolote, tuwakute kama mlivyo.

Tukaitikia wote, ndiyo, ndiyo. Lakini nani hajui maana ya maneno hayo? Mgeni mwenye adabu lazima aseme hivyo, na mwenyeji mwenye adabu lazima ajifanye hakusikia.

Jumatano, 12 Machi

Mgongo hauna adabu leo. Tumesafisha tangu kulipopambazuka.

Nimempangia kila mtu kazi yake. Kamba zangu zote za kuanikia zimeshushwa. Mabeseni, ndoo, ubao wa pasi, vikapu vya nguo za watu — vyote tumevisukuma chumbani kwangu, na sijui nitalala wapi. Spika kaingiza majiko yake ndani. Fundi saa, mzee wetu wa chumba cha kona, kaibeba meza yake ya kazi na kibao anachokalia, ingawa alinung'unika kwamba wageni nao wanajua kuna vitu vinaitwa meza. Tumesugua sakafu. Tumepaka chokaa ukutani hadi mkono ulipofika. Ua umekuwa mweupe, mtupu, mkubwa! Sikujua kama tuna ua mkubwa namna hii.

Jioni mama katoka, kanyoosha mkono, kashika hewa. Kamba yangu iko wapi?

Nilikuwa nimeisahau. Kamba yake si ya nguo. Niliifunga mwenyewe, usawa wa kiuno, kutoka mlangoni kwake kwenda bombani, na kutoka bombani kwenda chooni. Kwa kamba hiyo anakwenda popote anapotaka bila kumwita mtu. Nayo nimeiondoa, pamoja na misumari yake. Nikamwambia ni kwa siku moja tu, mama, kesho tuna wageni. Akasema haya. Nikamshika mkono, nikampeleka chooni kama mtoto. Hakupenda. Sikupenda na mimi.

Alhamisi, 13 Machi

Wamekuja! Binti wa Ramani na vijana wawili wa kupima.

Asubuhi nilimvalisha mama nguo yake nzuri, ile ya bluu. Halafu nikamwona ananyoosha mikono mbele, anapapasa, anagonga ukuta mpya wa chokaa, bluu imejaa vumbi jeupe. Nikasema hapana, wageni wasimkute hivi. Nikamketisha kitandani, nikafunga mlango. Kaa kimya, mama, wakipita nitakuja. Kakaa kimya kweli. Mama yangu akiambiwa neno mara moja, basi.

Wageni waliduwaa. Ua ni mzuri, unapumua, alisema Binti. Huwa mnautumia kwa shughuli gani? Spika, mikono kiunoni, akajibu kabla sijafungua mdomo: hatuuchafui huu! Tunauacha wazi hivi hivi, safi, kama unavyouona. Kijana mmoja akaandika. Binti akanigeukia mimi, mwakilishi. Nikasema ni kweli, labda vijinguo viwili vitatu siku za jua. Sikutaka aone kikapu changu cha shuka za watu. Mbele ya msomi yule, kufua nguo za wengine kulinikaa vibaya mdomoni.

Akauliza pale nyuma pana nini, akionyesha mlango wa mama. Spika kasema ni chumba kidogo tu. Kijana akagonga ukuta kwa kidole, akapima, akapita.

Walipotoka tulikumbatiana. Mtaa wa pili waliwakuta na nguo zimening'inia hadi mlangoni! Aibu gani hiyo.

Ijumaa, 14 Machi

Kamba zimerudi. Ya mama kwanza. Majiko nje, meza ya fundi nje, shuka juu. Ua umekuwa mdogo tena. Mama kaenda bombani na kurudi, kaenda na kurudi, bila shida ya maji, kwa kufurahia tu.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Maji yaliingia kwa mama mpaka kwenye miguu ya kitanda. Nimechota kwa beseni hadi mikono ikafa ganzi. Mjukuu mdogo wa Spika anaharisha tena.

Mfereji uje. Siombi kingine.

Jumamosi, 12 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Ukumbi wa shule tena. Michoro imebandikwa ukuta mzima, ya rangi, inang'aa. Watu wanatafuta nyumba zao, wanaonyeshana kwa vidole. Nami nikatafuta ua wetu. Sikuuona. Nikatafuta tena, nikafuata njia kwa kidole kuanzia barabarani. Ndipo nikaukuta. Umepakwa manjano, na chini yake pameandikwa: uwazi usiotumika.

Usiotumika! Pamechorwa viti vya kupumzikia, taa, chungu chenye mti. Wanapita watu wembamba wenye mabegi mgongoni, kila mmoja anatabasamu. Hakuna mwenye beseni. Ukuta wa nyuma umevunjwa, njia inapita katikati yetu kutoka barabara ya juu hadi sokoni, na mfereji mpya unapita chini ya njia hiyo. Na pale alipo mama, kisanduku kidogo kimekatwa kwa mistari. Stoo, ya kuondolewa.

Watu walikuwa wanapiga makofi. Spika alikuwa anapiga makofi — kaona mfereji, kaona na mlango wake utakavyotazama njia ya wageni, keshaanza kuuza chai kichwani. Nikamvuta mkono, nikamwonyesha kisanduku. Makofi yakamwishia mikononi.

Nimerudi nyumbani.

Jumapili, 13 Aprili

Nilitaka mama asijue kwanza. Lakini Spika hana sauti ya siri. Tulikuwa tunabishana bombani, mimi nasema stoo, yeye anasema stoo, na mama yuko mlangoni na kamba yake mkononi.

Wamekiita stoo? kauliza. Akacheka. Basi mnitunze vizuri humo, panya wasinile.

Mimi sikucheka. Niliingia ndani nikalia juu ya nguo za watu, ikabidi nizifue upya.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimekwenda ofisini kwa mradi. Nimesubiri kwenye benchi mpaka nikajua kila ufa wa dari.

Nilikuwa nimejiandaa kugomba. Nilikuwa na maneno makali, nimeyapiga pasi tangu jana. Binti wa Ramani akanikaribisha, akanipa maji ya kunywa, akafungua kompyuta, akanionyesha picha. Ua mweupe, mtupu. Mlango wa mama umefungwa. Mimi nimesimama katikati, natabasamu kama niliyeshinda kitu.



Alikuwa anaona uchungu, niliona. Mama, alisema — ananiita mama, labda ana mama anayefanana nami — mliniambia wenyewe kwamba hamuutumii. Nikamwambia tuliwaondolea vitu ninyi, hata mama yangu kipofu nilimfungia ndani ya hiyo mnayoiita stoo. Kwa heshima yenu. Akashika kichwa. Kila ua aliopita mtaani petu ulikuwa mtupu, alisema, akadhani ndivyo watu wa hapa wanavyoishi, vyumbani. Isipokuwa ule mmoja wa mtaa wa pili, uliojaa nguo.

Huo haukuguswa. Umeandikwa: ua wa kazi, ubaki.

Akanieleza. Ijumaa ya tarehe ishirini na tano mkubwa wake anapita na wafadhili, kuhakiki michoro kabla haijapelekwa mbele. Huyo mkubwa haamini maneno, anaamini anachokiona. Awakute mnafua, awakute mnapika. Na bibi awepo chumbani kwake, mlango wazi. Wakimwona mtu anaishi pale, hawawezi kupaita stoo.

Na mfereji? nikauliza.

Akanionyesha mstari kwenye kompyuta. Mfereji umechorwa kupita chini ya chumba kile. Kikibaki, itabidi utafutiwe njia nyingine, na huenda ukasogezwa awamu ijayo.

Awamu ijayo. Najua maana yake. Hata mama yangu asiyeona anajua maana yake.

Alhamisi, 17 Aprili

Kikao cha ua. Nimewaeleza yote, hata lile la mfereji. Ningeweza kulificha. Nimejilaumu baadaye kwamba sikulificha.

Mwenyekiti wa mtaa kaja na shati lake la mikutano. Kasema wafadhili si watu wa kuonyeshwa chupi zinazoning'inia. Tuwe kama siku ile, tuliwapendeza. Fundi saa kasema yeye kachoka kuhamisha meza kila anapokuja mtu mwenye viatu vizuri. Safari hii wamkute amekaa.

Spika ndiye aliyeniumiza. Hakupaza sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. Jirani, kasema, mfereji huu nimeusubiri tangu sijaolewa. Sasa nina wajukuu, wanakunywa uchafu. Unataka tuukose? Mama atapewa chumba mahali pengine, wamesema watu wote watapewa. Nikamuuliza mahali gani pengine ambapo anajua kila jiwe kwa unyayo. Kanijibu: nitamshika mkono mimi mwenyewe kila siku, lakini wale watoto siwezi kuwapa tumbo jingine.

Nikamwambia neno baya. Sitaliandika. Yeye akalia, mimi nikalia, mwenyekiti akaaga.

Mama alikuwa ndani, mlango wazi. Amesikia kila kitu, huyo.

Jumanne, 22 Aprili

Spika haongei nami. Ua umekuwa kimya mpaka nasikia saa za fundi.

Kaka kapiga simu. Mlete kwangu, kasema, kwani shida iko wapi? Anaishi ghorofani juu, ngazi za chuma. Mama alikwenda huko mara moja, akakaa kwenye kiti kimoja muda wote, akarudi amevimba miguu. Watu wema sana, aliniambia, ila sikujua mlango uko upande gani.

Nikamjibu kaka asante, tutaona. Akafurahi, kwa kuwa kashasema.

Jumatano, 23 Aprili

Leo mama kaniuliza kama mjukuu wa Spika kapona. Nikasema hajapona vizuri. Akasema hm.

Nikamweleza Ijumaa itakuwaje. Atakaa mlangoni kwake kwenye kigoda, kamba mkononi. Wageni wakija atasalimia, atawaambia anaishi hapa. Basi. Hana haja ya hotuba. Akaniuliza nguo gani. Yoyote, mama, hata hiyo ya kupikia. Akastuka: mbele ya wageni?

Nikamwambia ndiyo, mbele ya wageni. Siku ile tulikosea. Nilikosea mimi. Akanipapasa uso, akapata machozi, akayafuta kwa kidole gumba. Na wale watoto watapata mfereji? kauliza. Nikasema tutaupigania baadaye. Akasema hm.

Sipendi hiyo hm yake.

Alhamisi, 24 Aprili

Spika kaja, kasimama mlangoni kwangu, kanikabidhi sabuni niliyomwazima mwaka gani sijui. Kesho nitatoa majiko yangu, kasema. Nitapika mpaka huyo mkubwa akohoe. Nikamuuliza na mfereji je? Kasema amekaa amefikiri, mama yangu ndiye aliyemzalisha mwanawe wa kwanza, pale pale chumbani, enzi zile hospitali ilipokuwa mbali. Hawezi kupaita stoo. Mdomo wake umekataa.

Tukashikana. Kasema tusilie, tuna kazi kesho.

Ijumaa, 25 Aprili

Sijawahi kuandika mchana. Mikono haitulii, bora ishike kalamu.

Ua uko kama soko! Nimetundika kila nilicho nacho: shuka, foronya, mapazia ya watu, hata majoho ya kwaya niliyoletewa jana. Fundi saa yuko mezani, kioo chake jichoni. Spika na majiko matatu, moshi unatutoa machozi. Wajukuu wanaoga kwenye beseni katikati ya njia ya wale watu wembamba wenye mabegi. Asubuhi nilimtazama kila mmoja nikasema, tuko wengi hivi? Kwa mara ya kwanza tangu Machi nilikula nikashiba.

Mama nilimketisha mlangoni, kigoda chini, kamba mkononi. Kaikubali nguo ya kupikia. Alikuwa mpole mno. Ningepaswa kushtuka hapo hapo.

Vijana wa mtaa wa pili wakapita kutuambia wageni wako ua wa jirani. Nikaenda kubana shuka moja iliyokuwa inaburura. Niliporudi, kigoda kiko ndani ya kivuli, kitupu. Mlango umefungwa.

Nikasukuma. Komeo.

Na kamba haipo. Kaifungua mwenyewe — mafundo yangu, niliyoyakaza kwa meno! — kaifungua chooni, kaifungua bombani, kaifungua mlangoni, shuka zangu zikimficha, kaikunja, kaingia nayo. Msumari tu umebaki ukutani. Anayepita hapa haoni kitu. Mlango mdogo, ukuta, basi.

Mama, nimeita. Mama, fungua. Kimya. Spika kaja, mwiko mkononi, kaita kwa ile sauti yake ambayo ingeamsha mtaa. Kimya. Fundi saa kasema komeo hilo alilifunga yeye, halifunguki kwa nje mpaka livunjwe, na nyundo ataipata wapi sasa hivi.

Nimekaa kizingitini, mgongo kwenye mlango. Spika kakimbilia langoni kuwachelewesha. Nawasikia wakitoka kwa jirani. Viatu vigumu. Sauti ya Binti wa Ramani inasema huku ndiko, kuna bibi mmoja ningependa mumwone.

Mama, watoto watapata mfereji tu, tutaupigania, naapa, fungua. Nimeweka mdomo kwenye ufa wa ubao. Nimesikia anapumua. Yuko karibu, karibu kabisa, naye kakaa chini, mgongo wake na wangu ubao mmoja tu katikati.

Wanapiga hodi. Spika anaitikia.

Na mama, kwa sauti ya chini, ile ya mtu aliyeambiwa anyamaze wageni wakija:

Waambie ni stoo.

Lango limefunguka.